Kijiji Kilichosoma kwa Zamu

"Hivi, Mama Zamda, kinasa sauti kikikutolea salamu, ni wajibu kuitika?"

Jirani yangu Batuli aliniuliza hivyo akiwa amepanda juu ya kinu chake, kichwa kimetokeza upande wangu wa ukuta. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia ashuke kwanza asije akavunjika nyonga kwa mambo ya watu, halafu nikamjibu kwamba salamu ni ya aliye hai kwa aliye hai, na kile chombo hakina roho.

"Sasa mbona jana nimekusikia mwenyewe unakiambia marahaba?"

Ni kweli nilikiambia. Tena kwa sauti ya kupanga.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wameshatolewa kwenye mashamba yao ya zamani na kupangwa kando ya barabara na reli. Chumba changu cha mbele, hapa Tabora mjini, alikuwa amepanga Mwalimu Lugembe, kijana wa Puge, mrefu, mtaratibu, aliyesoma nchi za nje akarudi na digrii na koti zito la baridi. Koti alilitundika ukutani kwa kuwa hakuona pa kulivalia. Digrii alipewa kazi ya kuifanyia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunga kozi. Si kozi ya watoto. Ilikuwa ya walimu waliokwisha kumaliza vyuo, wenye vyeti vyao, wapande daraja jingine na kujua namna ya kufundisha ufundi na mitambo katika shule za vijijini. Wangeanza na pampu ya maji ya mkono. Na wangesoma bila kutoka vituoni mwao. Yeye angekaa Tabora aseme ndani ya kinasa sauti, mkanda upande treni, na kule ulikoshuka walimu wakae mbele ya chombo kama wanavyokaa mbele ya mtu.

"Yaani utafundisha watu usiowaona?" nilimuuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na wao wakitaka kukuuliza kitu?"

"Hawataweza. Ila mimi nitawauliza."

Nilimtazama nikaona hana homa.

Nyumba yangu aliipenda kwa kuta zake. Babu wa marehemu mume wangu Selemani aliijenga enzi za misafara, akaweka udongo mnene kupita kiasi kwa sababu wapagazi waliolala uani walikuwa watu wa kelele. Lugembe alisema nchi za nje chumba cha namna hiyo hujengwa kwa mamilioni, nacho hakina hata harufu nzuri ya udongo. Alikuwa akinasa mchana wa jua kali, baada ya sala ya adhuhuri, saa ambazo hata majogoo wa Batuli huwa wamechoka kujisifu.

Mimi nilimvumilia kwa jambo moja tu. Mwanangu wa pekee, Zamda, alikuwa mwalimu Tura, kule mashariki kwenye reli. Walimpeleka huko mwaka uleule baba yake aliofariki, nikabaki na nyumba ya vyumba vingi na sauti yangu mwenyewe. Aliomba uhamisho mpaka akawa anaandika barua bila kufikiri. Sasa kozi hii ilikuja na nafasi: mwalimu wa Tura atakayefaulu ataletwa Tabora kuwa mkufunzi katika chuo kipya cha ufundi. Nafasi ilikuwa moja, na walimu wa Tura wenye cheti walikuwa wachache, na mwanangu ndiye mwenye akili kuliko wote, ingawa si vizuri mama kusema. Kila baada ya sala niliitaja nafasi ile mbele ya Mungu kwa jina lake kamili, ukufunzi, asije akaniletea kitu kingine.

Mkanda wa kwanza ulianza hivi: "Somo la kwanza. Pampu ya maji ni nini?"

Ukarudi na treni iliyofuata. Gadi wa treni aliuleta mwenyewe, pamoja na maneno ya mwenyekiti wa kijiji cha Tura, Mzee Ngollo, ambayo aliyakariri mlangoni kwangu kama mtu aliyeapishwa: "Mwambieni huyo kijana, hapa haingii mtu kwenye chumba chenye watu akaanza kuuliza maswali bila hodi. Kwani yeye ni polisi?"

"Lakini ni mkanda, Mama," Lugembe akaniambia.

"Mkanda nao umeingia," nikamjibu.

Akanasa upya. Akapiga hodi, akasema shikamooni, akaenda kwenye pampu. Ukarudi. Safari hii Mzee Ngollo alisema kijana amesalimia lakini hakungoja kuitikiwa. Wazee walikuwa bado kwenye marahaba, yeye ameshafika kwenye silinda. Lugembe akaacha kimya baada ya shikamoo. Ukarudi: mbona hakuuliza habari za nyumbani? Akauliza za nyumbani. Ukarudi: na mifugo? Watu wa Puge nao wakatuma neno kwamba mtoto wao amesahau mwangaluka, salamu ya kwao, wanaona aibu kumsikiliza mbele ya wageni. Walimu wa Ulyankulu, ambao ni Warundi waliokuja wakikimbia vita, ndio peke yao walioshukuru. Walisema haina neno, wao wamesalimiwa vibaya zaidi ya hapo.

Kwa hiyo salamu zikawa zinakua na somo linapungua. Mkanda haurefuki. Ikafika mahali Lugembe anapiga hodi, anangoja karibu, anasalimia wakubwa, anasalimia wadogo, anauliza mvua, mifugo, mazao na wagonjwa, na kila swali analiachia kimya cha kujibiwa, yeye mwenyewe ameinamisha kichwa kwa adabu mbele ya chombo. Kisha anasema kwa haraka, "Mpini wa pampu hushuka na kupanda," na mkanda unakwisha.

Lililoniingiza mimi lilikuwa neno la mwisho la Mzee Ngollo. Alisema kijana huyu hajaoa, na sauti yake inafungiwa chumbani na walimu wanawake. Aje na mtu mzima.

"Mtu mzima gani?" Lugembe akauliza hewani. Halafu akanigeukia polepole.

Nilikataa. Nikasema mimi ni mjane, nimesoma darasa la nne, na pampu naijua kwa kuchota maji tu. Akasema sihitajiki kuijua. Alikuwa na kitabu cha huko alikosoma, kinasema mwanafunzi anayesoma mbali na mwalimu wake lazima asifiwe palepale anapojibu, bila hivyo somo halihesabiki kuwa limekamilika. Yeye alijaribu kusifu akashindwa; "vizuri" yake ilitoka kama ya mtu anayekagua tiketi. Mimi ningeitikia marahaba mwanzoni, ili ijulikane mtu mzima yupo, na kila baada ya swali ningengoja kidogo kisha niseme: "Vizuri sana, mwanangu. Umepata."

"Na akikosa?"

"Chombo hakimsikii, Mama."

"Sasa namsifu kwa lipi?"

"Utafiti umeonyesha," akasema, akafunga kitabu.

Nilifikiri siku nzima. Kusema umepata kwa mtu ambaye pengine hakupata, hilo lilinikaa kooni. Mwisho nikapata njia ya kutulia nayo. Kila nilipokaa mbele ya chombo, nilimweka Zamda mbele ya macho yangu, na kanga yake ya njano, na lile jino lake lililopanda jingine. Yeye nilikuwa na uhakika kwamba angepata. Nikawa namsifu yeye, na maneno yangu yakawa ya kweli.

Kozi ikaenda. Habari zikaja kwamba Tura wanaipenda kuliko kituo kingine chochote. Lugembe alianza kunenepa. Alitundika ramani pembeni ya koti lake, yenye mstari wa reli, akachora nyota mahali pa Tura.

Sikukuu ya Idi ndogo Zamda akaja. Nilimpakulia pilau, nikakaa kumtazama anavyokula, na nilipoona ameshiba nikamuuliza masomo.

"Mama, mimi nasoma grisi."

"Grisi gani?"

"Ya kupaka kwenye pampu isilie. Ndiyo fungu letu."

Akanieleza, na Lugembe akasikia akatoka chumbani kwake na kusimama mlangoni. Mkanda wa kwanza uliokubaliwa ulipofika, walimu walikaa kuusikiliza. Mzee Ngollo akaja akauliza kilichoteremka stesheni ni cha nani. Wakamwambia ni masomo ya walimu. Akasema katika kijiji kile hakuna kitu kinachoteremka kwenye treni kikawa cha watu wachache. Mbegu ziliteremka zikagawiwa, majembe yakagawiwa, masomo nayo yatagawiwa. Akayapanga kama shamba la kijiji, kwa nyumba kumikumi. Mpini wakapewa nyumba kumi za karibu na kisima. Fimbo ya ndani wakapewa wanaofuata. Washa, ile pete ya ngozi ya ndani ya pampu, vali, silinda, kila balozi na fungu lake. Mtu akionekana kwenye zamu isiyo yake anatolewa nje.

"Kwa nini anatolewa?" Lugembe akauliza, sauti haina nguvu.

"Anakuwa anajilimbikizia," Zamda akasema. "Mwalimu mwenzangu alikaa zamu mbili, wakamwita kabaila mbele ya wanafunzi wake."

"Lakini wewe umeisikia mikanda yote!" nikasema. "Wewe si ndiye unayewasha chombo?"

"Ndiyo, Mama. Hiyo wanasema ni kazi. Masomo yangu ni grisi."

Alicheka, mimi nikaona jinsi anavyocheka, nikaacha kumuuliza. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono akasema, "Mama, mwombe huyu Lugembe mtihani uwe wa mtu mmojammoja. Mkiniuliza mimi peke yangu, nitarudi nyumbani."

Nikamwomba Lugembe, tena nikamwomba kwa Jina la Mungu. Akasema angependa sana, lakini kozi ya mbali mtihani wake nao ni wa mbali, ndivyo kitabu kilivyo. Atanasa maswali na mimi nitanasa sifa.

Basi tukanasa. Na siku ya mtihani ilipofika tukapanda treni kwenda Tura watu watatu: Lugembe, mimi kama sauti ya kozi, na mkaguzi aliyetumwa na idara kutoka Dar es Salaam, Bwana Anton, Mzaramo wa Pugu, mtu wa misheni, nadhifu, ambaye alitandika leso kabla ya kukaa na kuikung'uta kila baada ya kusimama.

Tulishuka Tura asubuhi. Akina mama wa pale walikuwa wanauza asali na karanga madirishani, nao hawakuniangalia hata kidogo mpaka msichana mmoja alipopita akaniamkia. Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu."

Sinia la karanga likaanguka.

"Ndiye!" mmoja akasema. "Ndiye yeye! Sema tena, mama!"

Wakanizunguka. Mmoja akanisogezea mtoto wa mgongoni, akasema huyu anachelewa kutembea, msifu. Mwingine akaniambia amechimba choo chake mwenyewe tangu mumewe ameugua na hakuna aliyemwambia kitu. Sikuona ubaya wa kumwambia vizuri sana, maana choo ni choo. Bwana Anton alikuwa amesimama na leso yake mkononi akiuliza kama hawa wote ni walimu.

Mzee Ngollo tulimkuta mlango wa shule, mfupi, mwenye kofia ya manyoya, kiti chake cha uenyekiti kimetangulizwa ndani. Aliposikia Bwana Anton ni Mzaramo alipiga makofi.

"Mtani wangu! Babu yangu alifika kwenu na pembe mabegani, babu yako akamnyima maji. Karibu. Hapa utakunywa mpaka utuombe radhi."

"Babu yangu alimnyima kwa sababu alikuwa ameshakunywa mtungi mzima," Bwana Anton akasema, na watu wakamkubali tangu hapo.

Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Zamda alikuwa mbele, pembeni ya chombo, amekifunika kwa kanga yake kukikinga na vumbi. Tuliangaliana tu. Akakifunua, akabonyeza.

Chombo kikapiga hodi. Kijiji kikajibu karibu. Chombo kikasema shikamooni, wakasema marahaba, na mimi ndani ya chombo nikasema marahaba, na wakageuka wote wakanitazama nilipokaa, kuhakikisha. Zikafuata za nyumbani na za mvua. Bwana Anton alikunywa maji yote aliyowekewa.

"Mtihani unaanza lini?" akamnong'oneza Lugembe.

"Bado tuko kwenye mifugo," Lugembe akasema.

Hatimaye sauti ya Lugembe ikauliza: "Ndani ya pampu, ni kitu gani huzuia maji yasirudi chini?"

Kijiji kizima kikajibu kwa pamoja. Wengine walisema vali, wengine mpini, wengine Mungu. Mzee Ngollo, aliyekuwa bado anajibu habari za mifugo, alisema kwa sauti kubwa, "Mbuzi!"

Kikapita kimya kidogo. Kisha mimi, ndani ya chombo, nikasema kwa upole: "Vizuri sana, mwanangu. Umepata."

Mzee Ngollo akavua kofia. Akasema tangu mama yake afariki hajaambiwa neno kama lile, na akajifuta uso kwa kofia yenyewe.

Bwana Anton akainuka. "Zima. Nani amejibu hapo?"

"Sisi," wakasema.

"Nauliza nani amepata."

"Sisi. Hukusikia?"

Akaomba mtu mmoja aeleze pampu toka mwanzo mpaka maji yatoke. Akasimama mama mmoja, Eustadia, balozi wa nyumba zake kumi, akaeleza washa ya ngozi. Alieleza ngozi ya mnyama gani, inalowekwa vipi, inakatwa vipi, inavimba vipi ndani ya silinda, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuikata. Bwana Anton alitikisa kichwa kwa furaha.

"Vyema sana. Sasa maji yanapandaje?"

"Hilo si la kwetu," Eustadia akasema, akakaa.

Akasimama mzee mwingine, Bernardo, ambaye nyumba zake kumi zilipewa fungu la mwisho, la mbinu za kufundisha. Huyo alikuja mbele, akaweka mikono nyuma, akatutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu.

"Je, mmeelewa?" akasema.

Tukangoja.

"Kuna mwenye swali?" akasema. Kisha akarudi kukaa.

"Huyu anafanana na wakufunzi wetu wote," Bwana Anton akamwambia Lugembe, na Lugembe akaandika.

Ndipo nikaona Bwana Anton anamwelekea Zamda. Akamwambia, "Binti, wewe je?" Zamda akashika chaki, akachora, akaanza kwenye mpini, akashuka na fimbo, akapita kwenye washa, akafungua vali, akafunga vali, akayapandisha maji mpaka ndoo ikajaa ubaoni, na palipokuwa na ndoo akaeleza namna ya kumfundisha mtoto asiyewahi kuona pampu. Hakukosa hata kitu. Bwana Anton alikuwa ameshatoa kalamu.

"Hapana, mtani," Mzee Ngollo akasema kutoka kitini. "Huyo weka pembeni. Hayo aliyasikia akiwa kazini. Kazi yake ni kubonyeza. Masomo yake ni grisi, muulize grisi."

"Lakini anajua pampu yote!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Sisi tuna pampu yote pia. Tukae pamoja sote, hakuna kitakachopungua. Yeye anayo peke yake, sisi tunayo kijiji. Sasa katika nchi hii, nani amefaulu?"

Niliona Bwana Anton anatazama madirishani ambako vichwa vilikuwa vingi.

"Nafasi ya ukufunzi ni moja," akasema.

"Nasi ni kijiji kimoja," Mzee Ngollo akasema. "Lete malori. Mlituleta hapa kwa malori, tunajua kupanda. Safari hii tu mtuachie muda tubebe na milango."

Watu hawakucheka. Mama mmoja wa dirishani akauliza kama Tabora watapewa viwanja vya pamoja au watatawanywa.

Lugembe alikuwa ameloa jasho. Akasema mambo yote haya yanaamuliwa na kitabu: aliyesifiwa ndiye aliyekamilisha somo, na msifuji yupo hapa hapa. Bwana Anton akashukuru kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyesema umepata. Uliposema hivyo, ulimkusudia nani?"

Lugembe akaniinamia. "Sema kila mwanafunzi, Mama," akaninong'oneza. "Tafadhali. Sema kila mwanafunzi, kozi itapona."

Nilijua anataka nini. Nikisema kila mwanafunzi, Tura nzima imefaulu, na nafasi ya mwanangu inagawiwa kama majembe. Nikisema ukweli, nilidhani, mwanangu anarudi nyumbani, na tena nitakuwa sijasema uongo. Mara chache Mungu huweka ukweli na haja ya mtu upande mmoja namna hiyo. Nilikuwa na udhu wangu. Nikasimama.

"Nilimkusudia Zamda," nikasema. "Tangu mkanda wa kwanza mpaka huu. Sikumsifu mwingine."

Nilimtazama mwanangu, nikategemea kuona amefurahi. Alikuwa ameinua mkono kuniashiria ninyamaze, nami sikuwa nimeuona.

"Na Zamda ni nani wako?" Bwana Anton akauliza.

"Ni mwanangu."

Darasa lililipuka. Eustadia alisema yaani ile washa yote ameikata usiku na mchana anasifiwa mtoto wa mtu! Yule mama wa choo alisimama akanitazama kwa huzuni mpaka nikainamisha macho. Mzee Ngollo alivaa kofia yake taratibu na kuivuta mpaka kwenye nyusi.

"Mtani, umesikia," akasema. "Undugu. Kozi nzima ya serikali, inaendeshwa kumsifu mtoto mmoja."

Bwana Anton alikung'uta leso, akafikiri. Kisha akatoa hukumu, na aliitoa kwa sauti ya mtu anayejiona ana haki. Sifa zote za kozi, alisema, zilikuwa za mtu mmoja. Kwa hiyo wengine wote hawajasifiwa, na kwa kitabu cha Mwalimu Lugembe hawajakamilisha hata somo moja. Huyo mmoja naye amesifiwa na mama yake mzazi, na sifa ya mama mzazi haihesabiki katika idara yoyote. Kwa maana hiyo Tura hakuna aliyesoma. Kozi ianze upya, kutoka kwenye hodi, kwa zamu zilezile, ila msifuji abadilishwe, awe mtu asiye na ndugu hapa.

"Nani hana ndugu hapa?" Lugembe akauliza. "Msifu wewe, Bwana Anton."

"Mimi ni Mzaramo. Nikimsifu Mnyamwezi watasema namtania."

"Kweli tutasema," wakaitikia.

Mzee Ngollo akakohoa. Akasema yeye akiwa amekaa kwenye kile kiti huwa si ndugu wa mtu, na kila mtu pale anaweza kuthibitisha, wakiwemo watoto wake. Watoto wake wakathibitisha. Ikapita kwa kunyoosha mikono. Akapewa palepale ajaribu, akasema "Vizuri sana, umepata" kwa sauti nzito, na watu wakasema inafaa, ina mamlaka.

"Na uhamisho wa mwanangu?" nikauliza. Nilisikia sauti yangu inatoka ndogo, si ile ya mkandani.

Bwana Anton alinijibu kwa heshima, hilo sitamnyima. "Mama, kozi inaanza upya, na mtu pekee anayekijua chombo ni yeye. Huyu sasa ndiye hawezi kuondoka kabisa. Tutaliangalia kozi ikiisha."

"Itaisha lini?"

Akamtazama Lugembe. Lugembe akamtazama Mzee Ngollo. Mzee Ngollo akasema itategemea mvua, maana zamu za wakati wa kulima haziwezi kuwa nyingi.

Nje treni ya kwenda Tabora ilikuwa imeshaingia stesheni, wanapakia madebe ya asali. Nikamwita mwanangu kwa jina, hakugeuka.

"Haya, binti, rudisha mkanda mwanzo," Mzee Ngollo akamwambia, amekaa vizuri kitini. "Tuanze."

Zamda alikuwa bado na chaki. Akaiweka kwenye ukingo wa ubao. Akarudisha mkanda mwanzo, taratibu, kama alivyoambiwa, akahakikisha umekaa sawa, akapuliza vumbi. Akaichukua kanga yake juu ya meza, akaikung'uta, akajitanda. Watu wa mlangoni walimpisha wakidhani anakwenda kuleta betri. Akapita katikati yao, akashika njia ya stesheni.